Vipapatio vya asali na pilipili: utamu uje mwishoni

Watu ninaowafundisha kuchoma kuku huniletea lalamiko moja kuliko mengine yote: vipapatio vinatoka vyeusi nje, na ukivuta nyama unakuta mfupani bado ni mbichi. Ukiwauliza walivyoandaa, wanasema walichanganya kila kitu kwenye bakuli moja, yaani asali, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, masala na chumvi, wakaacha vilale humo usiku kucha, kesho yake wakavitandaza juu ya makaa yaliyokolea. Viungo hivyo vyote nami navitumia. Ninachobishana nao ni zamu. Chumvi itangulie mapema sana, ndimu ichelewe, na asali isimkaribie kuku mpaka awe ameshaiva.

Nianze na chumvi, kwa sababu katika bakuli lile hakuna kinachopenya nyama kuishinda. Inayeyuka kwenye majimaji ya kuku, inaingia taratibu, na inaisaidia nyama kushika maji yake inapopata moto. Kitunguu saumu, binzari na utamu wa asali hubaki zaidi kwenye ngozi na chini yake kidogo tu, hata ukivilaza siku mbili. Kwa kilo moja ya vipapatio naweka gramu 15 za chumvi, kama vijiko vya chai viwili na nusu vya chumvi laini. Saa nne zinatosha, usiku kucha ni vizuri zaidi, ila ndani ya friji muda wote. Pamoja na chumvi natia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, binzari nyembamba ya kusaga, pilipili manga na vijiko viwili vya chakula vya mafuta. Kabla ya kuchoma nafuta vipande vya kitunguu saumu vilivyogandia kwenye ngozi, maana navyo huungua upesi na kuacha uchungu.

Ndimu inataka tahadhari. Asidi yake hubadilisha nyama ya juu kana kwamba imepikwa, na ikikaa usiku mzima sehemu ile inakuwa ya ungaunga mdomoni. Mimi naikamulia nusu saa kabla ya moto. Anayependa uchachu wa kulala nao atumie mtindi, ambao asidi yake ni ya upole. Papai bichi liacheni kwa mishikaki ya ng'ombe. Kimeng'enya chake kinalainisha nyama ngumu, na kuku wa kisasa aliyechinjwa akiwa na wiki tano au sita hana ugumu wowote wa kulainishwa. Utakachopata ni ngozi inayoteleza. Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na kumchemsha kwanza. Kuku wa kienyeji aliyekomaa, sawa, bila hivyo utatafuna mpaka jioni; lakini kipapatio cha kuku wa kisasa ukikichemsha, ladha inamwagika na supu.

Kagueni pia kwapa la kila kipapatio. Vinyoya vidogo hubaki pale hata kwa kuku wa dukani. Vinyofoe au vipitishe juu ya mwali wa moto. Kisha kausha ngozi kwa kitambaa safi au karatasi, kwani ngozi yenye maji hutokota kwa mvuke kwanza na rangi huchelewa kuja.

Sasa moto, ambako ndiko asali inakoharibu mambo. Asali ina fruktosi nyingi, yaani sukari ya matunda, na fruktosi huanza kugeuka karameli kwenye nyuzi 110 hivi, wakati sukari ya kawaida husubiri mpaka karibu nyuzi 160. Wavu ulio juu ya makaa mekundu unapita joto hilo kwa mbali. Kipapatio kinahitaji kama nusu saa kuiva sawasawa. Asali itakuwa imekwisha kuwa masizi dakika ya saba au ya nane. Hakuna ustadi wa kugeuza upesi utakaoiokoa.

Kwa hiyo nasukuma makaa yote upande mmoja wa jiko, vipapatio navipanga upande usio na makaa, nafunika kwa karai pana au mfuniko wa sufuria kubwa, na nageuza mara chache. Kwa dakika 25 hadi 30 mafuta yaliyo chini ya ngozi yanayeyuka na kutiririka, na ngozi inabaki nyembamba. Kipimajoto cha nyama kisome angalau nyuzi 74 ili kuku awe salama kuliwa, lakini kwenye vipapatio nasubiri 85. Sehemu hii imejaa viungio na ngozi. Kolajeni yake, yaani ile protini ngumu inayoshikanisha viungio na ngozi, inahitaji joto zaidi ili igeuke ule ulaini unaonata midomoni. Kidari kwa joto hilo kingekauka, kipapatio kinazidi kuwa kitamu. Wekundu kidogo kando ya mfupa usikutishe ikiwa kipimajoto kimefika: mifupa ya kuku mchanga haijakomaa, na rangi ya uboho hupenya nje.

Mwenye oveni aiwashe nyuzi 220, apange vipapatio juu ya wavu uliowekwa ndani ya trei, dakika 40 hadi 45. Kwa oveni huwa napaka vijiko vya chai viwili vya beking pauda kwa kilo, nikichanganya na viungo vikavu. Inapunguza asidi ya ngozi, nayo inakauka na kupata rangi vizuri zaidi. Hapo ndimu naiacha kabisa, maana vitu hivyo viwili vinapingana. Magadi yasitumike badala yake, yana nguvu mno na ladha yake haitoki.

Wakati kuku yuko motoni ndipo sosi inapopikwa, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Pwani yetu tumezoea ukwaju kwenye mishikaki na viazi karai, na sioni sababu ya kukimbilia tomato ya chupa. Loweka gramu 60 za ukwaju kwenye kikombe cha maji ya moto, ufikiche, uchuje. Pasha kijiko cha mafuta kwenye sufuria ndogo, tia pilipili mbuzi moja iliyokatwa vipande vidogo, moto mdogo. Usiruke hatua hii: ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na ukianza hivi unaenea sosi nzima badala ya kumvizia mlaji kwenye kipande kimoja. Ongeza kitunguu saumu kidogo, mimina ukwaju, acha uchemke hadi ubaki nusu yake. Epua, kisha koroga vijiko vinne vya chakula vya asali na chumvi kidogo. Iwe nzito kama uji mwepesi. Napenda asali ya rangi nzito inayotoka misitu ya miombo ya Tabora, kwa kuwa ladha yake haimezwi na ukwaju. Sukari guru nayo inafaa.

Asali isipakwe mpaka dakika tano za mwisho. Navirudisha vipapatio juu ya makaa, napaka, nageuza, napaka tena, naondoa pale sosi inapoanza kububujika na kung'aa. Hata wale waliovipatia vipapatio jina duniani hufuata zamu hii. Pale Anchor Bar, mjini Buffalo, jimbo la New York, ambako vilianza kuuzwa mwaka 1964, vinakaangwa vikavu kwanza ndipo vinachanganywa na sosi ya pilipili na siagi. Wakorea nao, kwa kuku wao mtamu mwenye pilipili, hukaanga kwanza na kumviringisha kwenye sosi baadaye.

Sosi ya kuchovya mezani itengwe kabla hujaanza kupaka, isiguswe na brashi. Majimaji yaliyolaza kuku mbichi mimi huyamwaga. Anayetaka kuyatumia ayachemshe yatokote kwa dakika kadhaa. Na kama kuna watoto mezani, gawa ukwaju katika sufuria mbili tangu mwanzo, moja ipikwe bila pilipili. Kuongeza asali kwenye sosi kali hakuondoi ukali, na mtoto akishaonja mara moja hataigusa tena sahani hiyo.