Je, wajua kwa nini kuinua titi lililolala kidogo kwa upasuaji hakuhitaji kovu refu?

Mtaani titi lililosimama huitwa "saa sita", na mengine yote husemwa tu kwamba yamelala. Kwa daktari, kulala kuna viwango. Inua titi kwa kiganja: pale linapoungana na kifua pana mkunjo, ndipo waya wa sidiria hukaa. Mwaka 1976 Regnault, daktari wa upasuaji wa Montreal, Kanada, aliufanya mkunjo huo kuwa kipimo. Chuchu ikiwa usawa wa mkunjo, titi limelala kidogo. Ikishuka chini yake, limelala kiasi. Ikifika chini kabisa ya titi na kutazama ardhi, limelala sana.

Kipimo hicho ndicho huelekeza kisu, maana kinachopunguzwa hasa ni ngozi iliyozidi. Ndani ya titi hamna msuli wa kulibeba, kwa hiyo pushapu hujenga kifua kilicho nyuma yake tu. Na jamani, tuache kulaumu kunyonyesha! Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulihusisha kulala kwa matiti na umri, uzito, idadi ya mimba na sigara, si kunyonyesha.

Ngozi ikiwa imezidi kidogo sana, hukatwa umbo la mwezi mwandamo juu ya duara jeusi la chuchu, na chuchu ikapanda sentimita 1 au 2. Njia inayonivutia zaidi ni ya Benelli wa Paris, ya mwaka 1990. Hukatwa mkanda wa ngozi kuzunguka duara lote, kisha hupitishwa uzi usioyeyuka na kukazwa, kama kamba ya kiunoni mwa suruali ya kulalia. Ngozi hufanya marinda madogo yanayonyooka baada ya miezi kadhaa, na kovu hujificha pale rangi mbili zinapokutana. Lakini ngozi nyingi ikiondolewa hivyo, titi hubapa mbele na duara hutanuka. Hapo ni heri kovu la pili, linaloshuka wima hadi kwenye mkunjo. Titi lililonywea huku chuchu ingali juu huweza kujazwa kwa mfuko wa silikoni peke yake, ingawa mfuko huo haudumu maisha yote na uzito wake huvuta ngozi.

Wenye ngozi nyeusi tunapata keloidi, yaani kovu linalovimba, kwa urahisi zaidi. Kama ulitoga sikio pakaota uvimbe mgumu, mwambie daktari kabla hajachora mstari wa kwanza kifuani mwako.