Rangi za Mopu: Maswali na Majibu kwa Wasimamizi wa Usafi Mombasa

Kwa nini mahali pa kazi pawe na mopu za rangi mbalimbali?

Kwa sababu mopu iliyopigia deki chooni hutoka na vijidudu vya kinyesi ambavyo msafishaji hawezi kuviona. Miongoni mwao wamo bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo, pamoja na virusi vya homa ya ini aina ya A. Mopu hiyo ikipelekwa jikoni mwa hoteli, uchafu hausubiri chakula kianguke sakafuni ndipo uambukize: majimaji hurukia rafu za chini, na mpini ulioshikwa kwa glavu za chooni hushikwa baadaye na mkono mtupu ambao punde utafungua mfereji au kupanga sahani. Rangi yenyewe haiui kijidudu chochote. Kazi yake ni kumwezesha msafishaji wa zamu ya usiku, hata kama ameajiriwa jana, kujua bila kuuliza kifaa kipi ni cha wapi.

Rangi ipi ni ya wapi?

Hakuna mpango mmoja unaofuatwa dunia nzima. Unaojulikana sana ni ule uliotolewa Uingereza mwaka 2007 kwa hospitali za umma: nyekundu ni ya vyoo na bafu, buluu ni ya maeneo ya jumla kama wodi na ofisi, kijani ni ya jikoni na mahali pa kugawia chakula, na manjano ni ya vyumba vya kuwatenga wagonjwa wenye maambukizi. Kwenye hoteli na ofisi, ambako hakuna vyumba vya kutengea wagonjwa, mara nyingi manjano hupewa masinki ya kunawia mikono. Kiwanda cha kusindika samaki kinahitaji kwenda mbali zaidi, kwani sehemu ya samaki wabichi na sehemu ya kufungashia hazifai kutumia mopu moja hata kama zote zinaitwa sehemu za chakula, na mitaro ya maji machafu ipewe vifaa vyake peke yake.

Hospitalini kuna mtego unaosahaulika. Rangi za mapipa ya taka, yaani nyeusi kwa taka za kawaida, manjano kwa taka za maambukizi na nyekundu kwa zile za hatari zaidi, ni mpango mwingine kabisa. Pipa la manjano husimama hata katika wodi ya kawaida, na msafishaji ambaye hakuelezwa tofauti hiyo anaweza kudhani kwamba mopu ya manjano nayo ni ya hapo.

Nikinunua mopu za rangi nne, naweza kubaki na ndoo moja?

Hapana, na kwa maoni yangu hapa ndipo mipango mingi huharibika. Maji ya ndoo ndiyo yanayobeba uchafu kutoka chumba hadi chumba. Mopu ya kijani ikichovywa katika ndoo iliyotoka chooni haina tena tofauti na ile nyekundu. Ndoo, kikamulio, vitambaa na glavu vyote vifuate rangi.

Mombasa tuna sababu ya ziada ya kulizingatia hili. Maji ya mabomba kutoka Mzima na Baricho yanapokatika, na jengo likategemea mitungi ya mkokoteni, msafishaji hushawishika kuivuta ndoo moja hadi ghorofa ya mwisho hata maji yawe kama ya tope. Palipo na shida hiyo, afadhali kutumia mopu bapa zenye vichwa vinavyobandukika: lowesha vichwa vya kutosha asubuhi kwa maji safi, tumia kimoja kwa kila chumba, na kilichotumika kiingie kwenye mfuko wa kufuliwa bila kurudi ndooni. Maji machache hutosha sakafu nyingi.

Nichague mopu ya pamba au ya maikrofaiba, yaani nyuzi nyembamba sana za plastiki?

Pamba ni rahisi kwa bei na huvumilia klorini, yaani dawa ya kuulia vijidudu, lakini hukauka polepole, na katika unyevu wetu wa pwani, hasa wakati wa masika, mopu iliyoachwa ndani ya ndoo huamka na harufu ya uvundo, dalili kwamba bakteria wamezaliana humo usiku kucha. Maikrofaiba hushika vumbi na mafuta vizuri zaidi na hukauka haraka, ila klorini huidhoofisha. Yoyote utakayochagua, ifuliwe, ikamuliwe, kisha itundikwe nyuzi zikielekea chini mahali penye upepo.

Unaponunua, tazama rangi iko wapi. Nyuzi nyekundu zikifuliwa kwa klorini mara kwa mara hupauka hadi zikawa za waridi, kisha nyeupe, na hapo mpango wote umepotea. Chagua mopu yenye rangi kwenye kibanio cha plastiki au kwenye mpini.

Dawa ichanganywe vipi?

Anza kwa sabuni na maji, kwa kuwa uchafu hupunguza nguvu ya klorini. Dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5, kwa mfano, huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 34 vya maji ili kupata dawa ya asilimia 0.1 kwa ajili ya sakafu, na kipimo 1 kwa vipimo 6 kupata asilimia 0.5 pale damu ilipomwagika. Soma lebo kwanza, kwani nguvu hutofautiana, na changanya upya kila siku. Kamwe usiichanganye na asidi ya kusafishia choo wala na amonia. Hutoa gesi inayochoma mapafu.

Vipi kuhusu mfanyakazi asiyetofautisha rangi?

Swali hili huulizwa mara chache mno. Tatizo hilo huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na linalotokea sana ni kuchanganya nyekundu na kijani, yaani choo na jiko. Andika CHOO na JIKO kwenye mipini na ndoo kwa wino usiofutika, tundika mopu hizo katika vyumba tofauti, na umwombe kila mfanyakazi mpya akuonyeshe mopu ya choo kabla hujamkabidhi funguo za stoo.