Drams bila mwalimu: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Wapiga drams wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kuingia darasa la muziki. Wamekaa nyuma ya kwaya wakimtazama anayepiga, na ibada ilipoisha wakaomba vijiti kwa dakika kumi kabla drams hazijafunikwa. Njia hiyo imetoa wapigaji wazuri sana. Ina pengo moja tu: mwalimu, pamoja na kufundisha, hukusikiliza. Mikono miwili na miguu miwili ikiwa kazini, kuna makosa ambayo wewe mwenyewe huyasikii hata kidogo. Anayejifunza peke yake lazima azibe pengo hilo kwa njia nyingine, na dhana nyingi potofu kuhusu drams zimeota hapohapo.

"Bila seti kamili huwezi kuanza"

Miezi mitatu ya kwanza unahitaji vijiti viwili, kibao cha mazoezi, kiti kisicho na mikono na simu yenye programu ya metronomu, yaani kifaa kinachotoa mlio kwa mwendo usiobadilika. Basi.

Vijiti vya namba 5A vinawafaa wengi: unene wake ni kama milimita 14, urefu kama sentimita 40. Kabla ya kulipa, viviringishe juu ya kaunta. Kilichopinda kitarukaruka badala ya kuteleza, kirudishe. Kisha gonga kimoja baada ya kingine juu ya mbao hiyohiyo. Kimoja kikilia kwa sauti nyembamba na kingine nzito, uzito wao haulingani, na mkono mmoja utachoka kabla ya mwenzake bila wewe kujua sababu.

Kibao unaweza kukitengeneza mwenyewe. Chukua plaiwudi ya sentimita 30 kwa 30, unene milimita 12 au zaidi, ubandike juu yake mpira wa milimita 3 hadi 5 kwa gundi ya mafundi viatu. Vipande viwili vya tyubu ya gari vilivyopandanishwa vinafaa. Paka gundi pande zote mbili, subiri ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, ndipo ubandike; ukiharakisha, mpira utafanya mapovu, na juu ya povu kijiti hakirudi sawasawa. Chini weka kitambaa chenye unyevu kidogo ili kibao kisitembee mezani. Uso wake uwe chini kidogo ya kitovu chako ukiwa umekaa, na mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini. Kiti kikiwa kifupi mno, kiuno kitalalamika kabla ya mikono.

"Kupiga juu ya mto kunakomaza mkono"

Mto unachosha mkono, hilo ni kweli. Lakini mto haurudishi kijiti, na kupiga drams nusu yake ni kupokea kijiti kinachorudi. Anayezoea mto hujifunza kukinyanyua kijiti kwa nguvu kila pigo, na siku akikaa kwenye snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini) hukigandamiza, sauti ikafa.

Jaribu hivi. Shika kijiti kati ya kidole gumba na cha shahada, kama theluthi moja kutoka mwisho wa nyuma, vidole vitatu vilivyobaki vikigusa tu. Kiachie kianguke juu ya kibao, kisha usifanye lolote. Kikidunda mara sita, saba, nane kabla ya kutulia, umekishika vizuri. Kikidunda mara mbili na kusimama, umekibana. Fanya jaribio hilo kila unapoanza mazoezi, mkono wa kulia na wa kushoto. Wa kushoto ndio utakaokuumbua.

"Drams ni nguvu"

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka, na kwenye drams husemwa hivyo bila mafumbo: ngozi zinatoboka, matoazi yanapata ufa ukingoni, vijiti vinaisha kila wiki. Ukubwa wa sauti hutokana zaidi na umbali ambao kijiti kinaanzia. Pigo linaloanzia sentimita 5 juu ya ngozi ni la chini, linaloanzia sentimita 30 linajaza ukumbi, na mkono unabaki umelegea katika yote mawili. Toazi lisipigwe kwa kulikita. Lipitie kwa mshazari, kama mtu anayefuta vumbi, na nati yake ya juu usiikaze hadi toazi lishindwe kuyumba. Matoazi mengi tunayoyaona yamepasuka makanisani yalikazwa hivyo.

Maumivu nayo si dalili ya maendeleo. Lengelenge dogo pembeni mwa kidole cha shahada ni jambo la kawaida wiki za kwanza. Ganzi vidoleni, au maumivu ya kifundo cha mkono yanayoendelea hata umeweka vijiti chini, maana yake ni kubana. Pumzika, kisha anza tena polepole kwa mshiko uliolegea.

"Metronomu inaua hisia"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu wanaojifunza peke yao kuliko zote, kwa kuwa metronomu ni sehemu ya lile sikio la mwalimu ambalo hawana.

Tuanze na kuhesabu. Namba zetu za Kiswahili zina silabi mbili mbili, hivyo "moja na mbili na tatu na nne na" hukwama ulimini mara mwendo unapoongezeka, na ulimi ukikwama mikono hukwama nao. Zikate: "mo-na-mbi-na-ta-na-ne-na". Silabi nane, mapigo nane ya haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu. Hesabu kwa sauti, si moyoni. Ukishindwa kuhesabu kwa sauti huku unapiga, mdundo huo bado hujauweza.

Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika. Piga haihati kwa mkono wa kulia kwenye kila silabi, dakika mbili nzima. Ongeza snea kwenye "mbi" na "ne" pekee. Ikitulia, iondoe snea, uweke kiki (ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu) kwenye "mo" na "ta". Mwisho unganisha vyote. Kama huna seti, kiki ni mguu wako sakafuni, snea ni kibao, na haihati ni kitabu chakavu kilichowekwa kando.

Makosa yanayotokea hapa ni mawili. La kwanza, mkono wa kulia husita kila mguu unaposhuka. Dawa yake ni kushuka hadi 50, si kupanda. La pili ni gumu kulisikia ukiwa unapiga: mkono na mguu, au mikono miwili, havitui pamoja. Rekodi kwa simu iliyowekwa mita mbili kutoka ulipo (ukiiweka karibu, maikrofoni inazidiwa na sauti inakwaruza), kisha sikiliza pale kiki au snea inapokutana na haihati. Ukisikia "tra" badala ya "ta", kimoja kimetangulia. Rekodi ya sekunde thelathini kila siku, uisikilize mara mbili, inafundisha kuliko saa nzima ya video za watu wengine.

Panda kwa mapigo 4 tu kila ukiweza kupiga dakika mbili bila kuteleza. Ukifika 80 kwa raha, igeuze kazi: iweke metronomu kwenye 40, na uichukulie kila mlio kuwa ni "mbi" au "ne". Sasa mlio unakaa pamoja na snea, na "mo" na "ta" ni jukumu lako mwenyewe. Hapo ndipo hisia inapozaliwa, ndani ya nafasi ambayo metronomu imenyamaza.

Na sikiliza hasa unapojaza, yaani unapoacha mdundo na kupita kwenye tomu (ngoma za kati za seti) kabla ya kiitikio. Karibu kila anayejifunza peke yake hukimbia pale. Anaingia kwenye kiitikio na mwendo mpya, na mpiga besi analazimika kumfukuzia.

"Mazoezi ya mikono ni ya bendi za gwaride"

Chama cha kimataifa cha wapiga ala za kugonga, Percussive Arts Society, kina orodha ya mazoezi 40 ya msingi ya mikono. Huhitaji yote. Matatu yatakufikisha mbali: kupokezana moja moja (kulia, kushoto), kupokezana mbili mbili (kulia kulia, kushoto kushoto), na la tatu linaloitwa paradido: kulia, kushoto, kulia kulia, kushoto, kulia, kushoto kushoto. Uzuri wa paradido ni kwamba kila mapigo manne yanaanza na mkono mwingine, kwa hiyo mkono dhaifu haupati pa kujificha. Dakika tano kwa kila moja, siku tano kwa wiki, ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi.

"Bila kusoma nota hutaelewa midundo migumu"

Chora visanduku 16 kwenye mstari mmoja. Hiyo ni bari moja, yaani mapigo makuu manne, na kila pigo kuu lina visanduku vinne. Weka alama kwenye kisanduku cha 1, 4, 7, 11 na 13, kisha piga alama hizo kwenye snea huku mguu ukishuka kwenye 1, 5, 9 na 13. Umbo hilo linakaribiana sana na kavacha, mdundo wa sebene uliovumishwa miaka ya 1970 na Meridjo Belobi, mpiga drams wa Zaïko Langa Langa ya Kinshasa. Anza kwa mapigo 60 ya mguu, ingawa kwenye sebene yenyewe utaukuta unakimbia mara mbili ya hapo. Kwa chakacha ya pwani, chora visanduku 6 badala ya 16, mguu ushuke kwenye 1 na 4. Ukijaribu kuilazimisha chakacha kwenye visanduku 16, haitakaa kamwe.

"Anayetumia mkono wa kushoto lazima ageuze seti nzima"

Ringo Starr wa Beatles ni mashoto, na seti yake imepangwa kama ya mtu wa kulia. Phil Collins wa Genesis, naye mashoto, alipanga yake kinyume. Njia zote mbili zinafaa, lakini kama unatumia seti ya pamoja ambako wapigaji wanabadilishana, kujifunza kwenye mpangilio wa kawaida kutakuepushia kazi ya kuhamisha vyuma kila mara. Unaweza pia kupiga haihati kwa mkono wa kushoto na snea kwa wa kulia, bila kupishanisha mikono.

"Drams mbovu hazitengenezeki"

Mara nyingi hazina ubovu wowote ila hazijakazwa sawa. Ngozi za drams za leo ni plastiki, jina tu ndilo limebaki, kwa hiyo usizipashe moto kama msondo au chapuo, zitaharibika. Kinachohitajika ni ufunguo wa drams. Legeza skrubu zote, zikaze kwa vidole hadi zigome, kandamiza katikati ya ngozi kwa kiganja ili ikae, kisha zungusha nusu mzunguko kila skrubu kwa kuvuka: ukimaliza moja, nenda ya upande wa pili wake. Ukikaza kwa kufuata duara, upande mmoja unavuta ngozi nzima na mlio unapinda. Halafu gonga sentimita 3 kutoka kila skrubu na usawazishe sauti. Ngozi ya chini ya snea, ile yenye nyaya, ni nyembamba mno. Usiiguse kwa kijiti.

"Masikio huzoea"

Masikio hayazoei, yanakufa kidogo kidogo, na hayarudi. Kiwango kinachotumika kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 ni dakika 15. Drams katika chumba kidogo hupita hapo kwa urahisi. Pamba haitoshi. Nunua vizibo vya sponji vya duka la dawa, vibinye viwe vyembamba, vuta sikio juu kwa mkono mwingine, ingiza, shikilia hadi vivimbe. Ukisikia mlio masikioni baada ya mazoezi, tayari ulizidisha.

"Kujifunza mwenyewe ni kutomuuliza mtu"

Tony Allen, mpiga drams wa Nigeria, alijifunza drams mwenyewe mjini Lagos akiwa na miaka kama 18, huku akifanya kazi ya ufundi redioni, kabla ya kujiunga na mwanamuziki Fela Kuti miaka ya 1960. Lakini alisikiliza sana wapigaji wa jazi wa Marekani, akawasoma pia, akina Max Roach, ndiyo maana haihati yake haifanani na ya mwingine.

Kwa hiyo, kila baada ya miezi miwili au mitatu, mwombe mpigaji mzoefu nusu saa. Usimwombe akuonyeshe mtindo mpya. Mpe rekodi zako tatu za karibuni, kisha piga mdundo mmoja kwa dakika tano bila kujaza popote. Akae upande wako wa kushoto, mahali anapoona mkono wa snea na mguu wa haihati, na asiseme neno hadi umalize.