Weusi wa sarafu ya fedha: uuache au uutoe?

Swali hili kwa kawaida hufika likiwa limechelewa. Rupia ya Wajerumani ya 1891 imeshasuguliwa kwa majivu na ndimu, inang'aa kama kijiko kipya, na mwenyewe anashangaa kwa nini mnunuzi amepunguza bei badala ya kuiongeza. Kwa hiyo jibu fupi tulitangulize: ukiwa na shaka, usiguse.

Sababu iko kwenye madini yenyewe. Weusi wa fedha si uchafu uliotua juu yake kama vumbi. Salfa iliyomo hewani, hasa katika gesi ya haidrojeni salfaidi, huungana na fedha ya juu kabisa na kufanya utando wa salfaidi ya fedha. Utando ukiwa mwembamba, mwanga hucheza ndani yake na macho yanaona njano ya dhahabu, kisha zambarau, kisha samawati. Ukizidi kunenepa unakuwa mweusi. Maana yake ni kwamba ule weusi ni sehemu ya sarafu: ukiuondoa, umeondoa na ngozi ya sarafu, na ngozi hiyo hairudi.

Kabla ya kuamua lolote, ishike sarafu kwa ukingo, iweke chini ya taa moja, uizungushe polepole. Sarafu ambayo haijatumika sana ina mistari midogo mno iliyoachwa na madini yalipokuwa yakisambaa chini ya mhuri, na mistari hiyo hurudisha mwanga unaozunguka kama spoki za baiskeli. Ukiona spoki zinatembea chini ya rangi, utando ni mwembamba na sarafu ni nzima. Wakusanyaji wengine hulipa zaidi kwa rangi ya namna hiyo. Ukiona weusi uliokufa, usiorudisha mwanga hata kidogo, jua kwamba salfa imekwisha kula uso. Ukiutoa weusi huo, chini yake utakuta kijivu chenye vishimo, si fedha nyeupe uliyoitarajia.

Halafu chukua lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10. Mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja, ni dalili kwamba aliyekutangulia alisugua. Dalili nyingine ni uwanja (sehemu tambarare ya uso, isiyo na picha wala herufi) mweupe huku weusi umejificha kwenye mizizi ya herufi tu. Kampuni za Marekani zinazopima ubora wa sarafu, kama NGC na PCGS, hazipi sarafu ya namna hii namba kamili kwenye kipimo cha 1 hadi 70. Huandika hali yake kwa maneno na kutaja kuwa imesafishwa.

Yapo mambo ambayo ni lazima yatolewe. La kwanza ni ute wa kijani unaonata, unaotokana na mifuko laini ya plastiki ya PVC. Huo unaendelea kula madini kila siku. Dawa yake ni asetoni halisi, si kiondoa rangi ya kucha, ambacho huwa na mafuta na manukato. Mimina takriban mililita 30 kwenye chupa ya kioo (plastiki nyingine huyeyuka), tumbukiza sarafu moja, funika, iache kati ya dakika 10 na saa chache. Ihamishie kwenye asetoni mpya kwa dakika moja, kisha ilaze juu ya kitambaa safi cha pamba ikauke yenyewe. Usiifute. Fungua madirisha, na pasiwe na jiko wala sigara karibu, maana asetoni hushika moto upesi. Asetoni haigusi salfaidi, kwa hiyo rangi itabaki ilivyokuwa.

La pili ni chumvi ya jasho na ya bahari. Loweka sarafu kwenye maji yaliyokenekwa na uyabadilishe kila siku kwa siku kadhaa. Maji ya bomba yana klorini, yatakuongezea tatizo. Sarafu iliyookotwa kwenye magofu ni habari nyingine kabisa: isioshwe hata kwa maji, ipelekwe kwa mamlaka ya mambo ya kale pamoja na maelezo ya mahali ilipopatikana.

Dawa za kuchovya zinazouzwa madukani zina kemikali iitwayo thaiyurea pamoja na asidi. Zinaondoa weusi kwa sekunde chache, na mistari ile inayobeba spoki huondoka nayo kidogo kidogo. Chovya mara tatu nne, mng'ao umekufa. Isiposuuzwa vizuri, madoa ya kahawia hujitokeza baadaye. Njia ya karatasi ya alumini na bikabonati ndani ya maji ya moto hurudisha salfaidi kuwa fedha, na harufu ya mayai viza utaisikia, lakini fedha inayorudi haishikani kama ya mwanzo. Uso unabaki mfu. Dawa ya meno ni msasa tu.

Angalia pia ni sarafu gani. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, kuanzia 1921 hadi 1946, ina fedha robo tu, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba. Asidi huila shaba na kuacha uso wenye wekundu wa ajabu. Reale ya Maria Theresa ni tofauti. Ina fedha asilimia 83.3 na uzito wa gramu 28 hivi, na kwa kuwa imeendelea kupigwa mhuri wa 1780 hata leo, nyingi zilizoko mikononi mwa watu ni za baadaye, thamani yake ikiwa karibu na ile ya fedha iliyomo. Kama bibi aliifanya kidani, ing'arishe upendavyo. Riyali ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, usithubutu.

Kwa wakazi wa pwani, kazi kubwa ni kuhifadhi. Tumia vifuko vya Mylar (aina ya plastiki ya poliesta) au vidude vigumu visivyo na PVC, usiweke pamoja na mpira, sufu wala kadibodi, na tia pakiti za silika ndani ya kopo linalofunga vizuri. Pakiti zikishiba unyevu, zikaushe kwa moto mdogo au uzibadilishe.