Je, wajua? Hakuna anayefumbua herufi zilizovurugwa kwa kujaribu kila mpangilio

Chukua herufi hizi sita: B, U, T, I, K, A. Zinapangika kwa njia 720. Wengi huamini kuwa anayepata neno haraka ana kichwa chepesi cha kuzijaribu njia hizo moja baada ya nyingine. Sivyo. Kwa sekunde moja kila mpangilio, zingekwenda dakika 12, na wapo wanaojibu kabla hujaweka kalamu chini. Tena, kama siri ingekuwa kujaribu zote, kila neno la herufi sita tofauti lingekuwa na ugumu uleule. Lakini neno la kila siku huonekana mapema kuliko la nadra. Majaribio ya mwaka 1958 ya wanasaikolojia Mayzner na Tresselt yalilionyesha hilo. Yalifanywa kwa Kiingereza, kwa hiyo tusiyahamishie kwetu mazima mazima.

Mfumbuaji hodari huanza kwa kutupa yasiyowezekana. Ukienda stendi kumpokea shangazi uliyeambiwa kavaa kanga nyekundu, humkagui kila abiria usoni. Macho yanawaruka wengine yenyewe. Kanga nyekundu ya Kiswahili ni silabi. Karibu maneno yetu yote huishia kwa irabu, na mara nyingi konsonanti na irabu hupokezana. (Mtu na daktari hayafuati zamu hiyo, ila nayo huishia kwa irabu.) Basi tenga B, T, K huku na A, I, U kule, kisha zipange kwa zamu, konsonanti mbele. Zile 720 zimebaki 36. Sasa tamka: bakuti, tibaku, kubati… kitabu! Usiishie hapo, maana herufi hizohizo zinatoa pia katibu.

Jumble, fumbo la magazeti ya Marekani alilolibuni Martin Naydel mwaka 1954, lina hatua mbili: unafumbua maneno manne, kisha herufi zilizoangukia kwenye viduara unazipanga upya upate jibu la mzaha linalodokezwa na katuni. Katuni hiyo nayo ni chujio, na chujio zuri sana.

Kinachotesa zaidi ni herufi zinazokujia tayari zikiwa neno. Sikio hulishika neno hilo na kukataa kuliachia. Dawa ni kuziandika kwa mduara, zisiwe na mwanzo wala mwisho. Jaribu na FARASI, uanzie kwenye S na kurukaruka bila kufuata mzunguko: utapata safari.