Kidonda Kimepona, Maumivu Hayajaondoka

Mgonjwa akishapigwa picha na zote zikatoka safi, mara nyingi huambiwa "huna kitu". Mimi natafiti neva, na kauli hiyo hunikera. Eksirei huonyesha mfupa. Haionyeshi seli za uti wa mgongo zilivyobadilika, na maumivu yanayopita miezi 3 mara nyingi yana mizizi humo.

Mwaka 1983 mtafiti wa neva Clifford Woolf alionyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba jeraha la mguu huufanya uti wa mgongo wenyewe uwe mwepesi kushtuka. Hali hiyo hutokea hivi: neva za maumivu humwaga glutamati, kemikali ya kupeleka taarifa, kwenye seli inayozipokea. Seli hiyo ina vipokezi viitwavyo NMDA, ambavyo kwa kawaida huzibwa na madini ya magnesi. Taarifa zikimiminika bila kupumzika, magnesi hung'oka, kalsiamu huingia, na seli huanza kuitikia hata kichocheo kidogo. Ndiyo maana kupitisha kipande cha pamba juu ya ngozi isiyo na kovu wala uvimbe kunaweza kumfanya mtu aruke. Neva za mguso zimepata njia ya kuingilia mkondo wa maumivu.

Kinachonivutia zaidi ni maikroglia, seli za kinga zinazolinda ubongo na uti wa mgongo. Neva ikiumia, seli hizo huamka na kutoa protini iitwayo BDNF. Utafiti wa mwaka 2005 uliofanywa kwa panya ulionyesha kuwa protini hiyo huvuruga kiwango cha kloridi ndani ya seli za neva za uti wa mgongo, hivyo GABA, kemikali inayopaswa kutuliza, hushindwa kazi na wakati mwingine hata huchochea. Breki inageuka kuwa mafuta! (Ketamini, dawa ya usingizi, hufanya kazi kwa kuziba NMDA, lakini madhara yake ndiyo yanayotufunga mikono.)

Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, dawa ya maumivu inayofunga njia za sodiamu ziitwazo Nav1.8, zinazosaidia kupitisha taarifa za maumivu, kwenye neva za pembeni, yaani zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Idhini hiyo ni ya maumivu ya muda mfupi tu. Kwa maumivu sugu natarajia matokeo mchanganyiko: atakayenufaika ni yule ambaye neva yake ya pembeni bado inapeleka taarifa. Ambaye uti wake wa mgongo umeshajiendesha wenyewe atahitaji dawa inayofika huko ndani.