Biodizeli itokanayo na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika

Biodizeli ni nishati ya injini za dizeli inayopatikana kwa kubadilisha mafuta ya mimea au ya wanyama kwa njia ya kikemia. Neno la kushika hapo ni "kubadilisha". Mafuta yaliyokaangia chipsi au maandazi, hata yakichujwa mara kumi kwa kitambaa safi mpaka yang'ae, hubaki kuwa mafuta ya kupikia. Vitu hivi viwili huchanganywa mno katika mazungumzo ya kila siku, na anayelipia mkanganyiko huo ni mwenye gari, kwa pampu na nozeli zake.

Tofauti kubwa kati yake ni mnato, yaani ule uzito wa kutiririka. Katika joto la nyuzi 40 za sentigredi, mnato wa mafuta ya mimea huzidi wa dizeli kwa takriban mara kumi. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche: pistoni hubana hewa mpaka ipate moto mkali, kisha nozeli hurusha dizeli kwa shinikizo kubwa kama ukungu, na ukungu huo huwaka wenyewe. Mafuta mazito hayawezi kuwa ukungu wa namna hiyo. Hutoka kwa matone makubwa yasiyoungua yote, ambayo huacha masizi kwenye ncha za nozeli, hugandisha ringi za pistoni, na mengine huteremka kwenye oili ya injini na kuifanya iwe nzito kama uji.

Wanaotetea kutumia mafuta ya kupikia bila kuyabadilisha hupenda kukumbusha kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Habari hiyo ni ya kweli, lakini injini ile ilikuwa kubwa, ya mwendo wa polepole, na haikuwa na pampu zilizochongwa kwa vipimo vidogo kuliko unywele kama za leo. Kwa maoni yangu, tukio lenye uzito zaidi katika historia ya dhana hii ni la mwaka 1937, pale G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipopewa hataza ya Ubelgiji ya kugeuza mafuta ya mimea kwa alkoholi ili yatumike kuendeshea injini. Mafuta aliyoyashughulikia hasa yalikuwa mawese, zao la Kongo iliyokuwa koloni la Ubelgiji, na mwaka 1938 basi la abiria lilisafiri kati ya Brussels na Louvain kwa nishati hiyo. Hiyo ilikuwa biodizeli kwa maana tunayoitumia sasa, ingawa jina lenyewe lilikuja miaka mingi baadaye.

Mabadiliko yenyewe yanaeleweka vizuri ukiiwazia molekuli ya mafuta kama kiunga kimoja cha gliserini kilichoshikilia minyororo mitatu mirefu ya asidi za mafuta. Mafuta hupashwa moto hadi karibu nyuzi 60, kisha huchanganywa na methanoli ambayo imeyeyushiwa kostiki soda, kile kile wanachokitumia watengeneza sabuni. Kila mnyororo huachana na gliserini na kushikana na methanoli. Gliserini, kwa kuwa ni nzito, hutuama chini ikiwa na rangi ya kahawia, na juu yake hubaki kimiminika chepesi cha rangi ya manjano, ambacho ndicho biodizeli. Kilo 100 za mafuta safi na kilo 11 hivi za methanoli hutoa karibu kilo 100 za biodizeli na kilo 11 za gliserini, ingawa kwa vitendo methanoli huwekwa nyingi zaidi ili kazi ikamilike, na inayobaki huvunwa tena. Methanoli ni sumu inayoweza kupofusha na kuua, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Si kitu cha kujaribia jikoni penye jiko linalowaka na watoto wanaopita.

Mafuta yaliyokwisha kutumika yana ugumu wake. Viazi vinapotumbukizwa kwenye karai, maji yaliyomo ndani yake, pamoja na joto la kukaangia, huvunja sehemu ya mafuta na kuachia asidi huru. Ndiyo maana mafuta yaliyorudiwa siku nyingi hugeuka meusi, hunuka na kutoa povu. Asidi hizo zikikutana na kostiki soda huwa sabuni, na sabuni huzuia biodizeli na gliserini kutengana. Kwa hiyo mtengenezaji makini huchuja makombo, huondoa maji kwa kuyachemsha, kisha hupima asidi kabla ya kuamua kiasi cha kostiki. Asidi ikizidi sana, hulazimika kuanza na hatua nyingine inayotumia asidi ya salfa. Kazi ikiisha, biodizeli huoshwa na kukaushwa, kwa sababu mabaki ya methanoli, sabuni au maji ndiyo yanayoharibu injini. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, hakiruhusu maji kuzidi miligramu 500 katika kilo moja.

Kwenye pampu za vituo vya mafuta, mchanganyiko huonyeshwa kwa herufi B na namba ya asilimia: B20 ni biodizeli asilimia 20 na dizeli ya kawaida asilimia 80, na B100 ni biodizeli tupu. Dizeli ya kawaida inayouzwa Ulaya huruhusiwa kuwa na biodizeli hadi asilimia 7 bila gari kufanyiwa marekebisho yoyote. Zaidi ya hapo, kitabu cha mtengenezaji wa gari ndicho cha kufuatwa. Biodizeli hulainisha pampu vizuri kuliko dizeli iliyopunguzwa salfa, na hushika moto kwa shida zaidi inapomwagika, lakini lita yake moja hubeba nishati pungufu kwa karibu asilimia 8. Mapitio ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani ya mwaka 2002, yaliyohusu injini za malori, yalionyesha kwamba B20 hupunguza chembe za moshi kwa asilimia 10 hivi na kaboni monoksaidi kwa asilimia 11, huku oksaidi za naitrojeni zikiongezeka kwa asilimia 2.

Kuhusu hewa ya ukaa, hoja ni kwamba mmea uliozaa mafuta uliivuta kutoka angani, na kwamba mafuta haya tayari yalikwisha kufanya kazi yake jikoni, hivyo hakuna shamba linalonyang'anywa chakula. Naiona hoja hiyo kuwa ya haki, ila methanoli nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo biodizeli haiwezi kuhesabiwa kuwa haiongezi hewa ya ukaa hata kidogo.

Anayehamia kwenye mchanganyiko wenye biodizeli nyingi ajue kwamba biodizeli huyeyusha uchafu uliolala kwenye tangi kwa miaka, na uchafu huo huziba chujio la dizeli katika wiki za mwanzo. Ni vyema kuwa na la akiba. Mipira ya asili kwenye magari ya zamani huvimba na kuvuja. Mafuta mengi ya kupikia Afrika Mashariki yana asili ya mawese, na biodizeli yake huanza kuganda kwenye joto la nyuzi 15 hivi, jambo lisilosumbua Dar es Salaam lakini linaloweza kulizuia lori kuwaka asubuhi ya Julai huko Njombe. Magari mapya yenye chujio la masizi kwenye ekzosi hurusha nishati ya ziada ili kuyaunguza masizi hayo. Biodizeli inayoteremka kwenye oili wakati huo haivukizi kirahisi kama dizeli, kwa hiyo oili hubadilishwa mapema kuliko kawaida.